Duka la fasihi Tanga: litalipa kodi ya fremu?

Swali: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Nimejiwekea akiba ya shilingi milioni nane, na nia yangu ni kufungua duka dogo la vitabu: riwaya, mashairi, vitabu vya watoto, si vya mitihani peke yake. Wenzangu wananiambia Watanzania hawasomi, kwamba nitakula mtaji. Wewe umekaa kwenye biashara hii Dar es Salaam. Je, mtu anaweza kuishi kwa kuuza fasihi? Waandishi wanaoleta vitabu vyao mkononi unakaa nao vipi? Na je, niache kazi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nianze na hao wenzako, kwa sababu maneno yao yameshaua maduka mengi kabla hayajafunguliwa.

Watanzania wanasoma. Miaka ya 1970 na 1980 riwaya ndogo za upelelezi na mapenzi ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti na vituo vya mabasi. Elvis Musiba, Hammie Rajab na Ben Mtobwa walisomwa na makondakta, wauguzi, walinzi wa usiku, na wanafunzi waliozificha chini ya dawati. Mtobwa alifika hatua ya kuanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Wasomaji wale hawakuwa matajiri wala hawakutoka shule za ghali. Leo watoto na wajukuu wao wanafuatilia hadithi za mfululizo kwenye simu, sehemu moja moja, na wengi wanazilipia. Hamu ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha msomaji kitabu kinachomfaa, mahali anapoweza kukishika mkononi, kwa bei anayoiweza. Mtu huyo ndiye unayetaka kuwa wewe, na ndiyo maana nimeamua kukujibu kwa urefu.

Hata hivyo, kuwapo kwa wasomaji hakulipi kodi ya fremu. Tufanye hesabu.

Chukua kitabu cha shilingi 15,000. Mchapishaji akikupa punguzo la asilimia 35, wewe unamlipa 9,750, na dukani inabaki 5,250. Sasa tuseme fremu ni 200,000 kwa mwezi, msaidizi 200,000, na umeme, bando la intaneti, nauli ya vifurushi na tozo ndogo ndogo 100,000. Jumla nusu milioni. Kwa faida ya 5,250 kila kitabu, unahitaji kuuza nakala 96 kwa mwezi ili uifikie. Ukifungua siku sita kwa wiki, ni karibu nakala nne kila siku, na hapo bado wewe mwenyewe hujala. Tarakimu ni za mfano, utaweka zako, ila ziandike kwenye karatasi kabla hujamlipa dalali hata senti.

Halafu anakuja mteja mchangamfu: "Nipunguzie elfu mbili tu, mama." Ukikubali, faida inashuka hadi 3,250, na zile nakala 96 zinapanda kuwa 154. Elfu mbili hiyo ni zaidi ya theluthi ya riziki yako katika kitabu kile. Ufaransa ina sheria, tangu mwaka 1981, inayozuia duka kushusha bei ya kitabu kipya kwa zaidi ya asilimia 5, na hiyo ni mojawapo ya sababu maduka madogo ya vitabu kule yameweza kusimama mbele ya makubwa. Sisi hatuna sheria hiyo. Hapa bei inalindwa na mwenye duka mwenyewe. Mimi bei nimeibandika nyuma ya kila kitabu, na anayetaka nafuu namwonyesha rafu ya mitumba, ambako kitabu kizuri kilichosomwa kinapatikana kwa bei ya soda mbili tatu. Rafu hiyo iweke tangu siku ya kwanza. Inaleta wanafunzi, na mwanafunzi anayenunua mtumba leo akiajiriwa hurudi kununua kipya.

Kuhusu milioni nane zako, ushauri wangu ni huu. Fremu lipia miezi sita, milioni moja na laki mbili kwa bei ya mfano wetu. Rafu za mbao na meza zisizidi milioni moja. Tanga kuna mafundi wazuri, usiagize chochote cha kioo. Leseni, usajili wa TIN na mambo ya kuanzia, laki tatu. Vitabu, milioni tatu. Zinabaki milioni mbili na nusu, na hizo usiziguse. Najua mkono utawasha. Utaona rafu zina mapengo na utataka kuyajaza. Yaache. Milioni tatu, kwa bei ya 9,750, inakupa nakala kama mia tatu. Ukichukua mbili mbili, hayo ni majina mia na hamsini, na mengine yatakuja kwa mali kauli, yaani unalipa baada ya kuuza, kutoka kwa waandishi. Duka la majina mia mbili yaliyochaguliwa na mtu anayeyajua linauza kuliko stoo ya majina elfu yaliyokusanywa tu.

Jambo lingine ambalo wageni wa biashara hii hawalijui: Marekani na Uingereza ni desturi duka kumrudishia mchapishaji vitabu ambavyo havikuuzwa na kurudishiwa thamani yake. Hapa kwetu, ukishalipa taslimu, kitabu ni chako mpaka siku ya kiama. Agiza nakala mbili. Zikiisha, agiza tatu. Mzigo kutoka Dar es Salaam unapakiwa kwenye basi asubuhi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, na siku hiyo hiyo uko Tanga, kwa hiyo huna sababu ya kulundika.

Sasa vitabu vya shule. Umesema hutaki kuuza vya mitihani peke yake, na nakuunga mkono kwa sababu ambayo pengine hukuifikiria. Maduka mengi ya vitabu nchini yalijengwa juu ya vitabu vya kiada. Miaka ya 1990, wachapishaji binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye vitabu vya shule, maduka yalichipuka hadi wilayani. Kuanzia mwaka 2013 upepo ukageuka: kuandaa vitabu vya kiada kukarudi Taasisi ya Elimu Tanzania, navyo vikawa vinapelekwa shuleni moja kwa moja. Wenzetu wa Kenya yaliwakuta mwaka 2018, serikali yao ilipoanza kununua kwa wachapishaji na kufikisha vitabu shuleni bila kupitia kwa wauzaji. Mtu aliyekuwa anaishi kwa oda za shule alibaki anatazama lori likipita mbele ya duka lake. Sibishani na lengo la mtoto kupata kitabu bure, hilo ni jema. Nasema tu kwamba duka lililosimama juu ya mteja mmoja mkubwa huanguka siku mteja huyo anapobadili njia.

Vya ziada na vya fasihi ni habari nyingine. Riwaya, tamthilia na diwani zinazotahiniwa zinahitajika kila mwaka, na wewe uko ndani ya shule, unajua mapema orodha inabadilika lini. Ziweke. Zitakulipia kodi miezi ya Februari na Machi. Tena zina baraka yake: kitabu kikisomwa vizuri darasani hakimwachi mtu. *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi ilitoka mwaka 1999 na imepita mikononi mwa wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita. Filamu ya Amil Shivji ilipotoka mwaka 2021, walikuja dukani watu wazima, wenye familia, waliokuwa wameisoma kwa ajili ya mtihani, safari hii wanaitaka kwa ajili yao. Mmoja alinunua mbili, yake na ya mkewe, ili wasigombanie.

Na uko Tanga. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, jirani na Machui, mwendo mfupi tu kutoka hapo mjini. Duka la vitabu la Tanga linapaswa kuwa mahali ambapo mtu akitaka kazi yoyote ya Shaaban Robert iliyo sokoni ataikuta, bila kuambiwa arudi Jumatatu. Wachapishaji Mkuki na Nyota wamekuwa wakizitoa upya kazi zake, anza nao. Waambie wazi kwamba unajenga rafu maalumu, waulize punguzo kwa oda ya pamoja. Mgeni anayeshuka Tanga kwenda Amboni au Pangani anatafuta cha kubeba kama kumbukumbu, na zawadi hiyo nadhani ni nzuri kuliko kinyago kilichochongwa mkoa mwingine.

Mashairi usiyaogope. Dar es Salaam wauzaji wengi huyaweka rafu ya chini kabisa, wakisema hayaendi. Hayaendi kwa sababu yanauzwa kimya. Mwambao wote, kuanzia kwenu hadi Lamu, watu wamezoea kulipokea shairi kwa sikio. Mwite malenga mmoja wa mtaani kwako Jumamosi alasiri, aghani beti kumi, kahawa iwepo, diwani iwe mezani. Nimeona diwani iliyolala miezi ikaisha kwa alasiri moja, tena wanunuzi wengi walikuwa akina mama waliokuwa wanapita kwenda sokoni.

Jirani yako mwingine ni Mombasa, na kwa barabara ya Horohoro iko karibu na wewe kuliko Dar es Salaam. Wachapishaji wa Kenya wana riwaya nyingi za Kiswahili ambazo hapa kwetu hazionekani, na maonyesho ya vitabu ya Nairobi yamekuwapo tangu mwaka 1998. Nenda angalau mara moja, tembea meza hadi meza, chukua orodha za bei. Uliza taratibu za forodha kabla hujapakia, usibebe kienyeji.

Watoto. Hapa niweke mkazo, maana vitabu vya watoto ndivyo vinavyobeba maduka mengi huru ninayoyajua. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa Wakanada. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: mchapishaji akitoa nakala 5,000 za kitabu kilichopitishwa, mradi ulinunua 3,000 na kuzipeleka shule za vijijini, na 2,000 zikabaki kwa mchapishaji auze sokoni. Kwa njia hiyo wachoraji na waandishi wa watoto walipata mahali pa kuanzia, na bado tunavuna. Mzazi akiingia dukani na mtoto, mpe mtoto kitabu, mzazi mwache. Weka rafu za watoto chini, usawa wa macho ya mtoto wa miaka mitano, vitabu vikionyesha majalada. Na ruhusu vishikwe. Nakala moja ya kila kitabu iandike "ya kusomea hapa", ichakae, ni gharama ya kazi.

Sasa waandishi, ambao umewaulizia kwa unyenyekevu, na mimi nawaona kuwa ndio moyo wa jambo lenyewe.

Atakuja mtu na mfuko wa sandarusi. Pengine ni mstaafu aliyeandika historia ya ukoo wake, pengine binti wa chuo mwenye riwaya ya kwanza. Amechapa nakala 500 kwa fedha yake, kwa sababu mashine ikishawashwa bei ya kila nakala hushuka kadiri unavyochapa nyingi, na mwenye kiwanda alimshawishi. Maboksi yamejaa chumbani kwake. Anataka kukuachia 50. Usikubali. Chukua nane. Mwambie ukweli: nane zikiisha, ninakupigia simu siku hiyo hiyo uniletee nyingine. Hewa ya chumvi ya mwambao inazipinda karatasi, na mchwa hawaulizi kitabu ni cha nani. Ukimrudishia nakala 40 zilizogeuka njano baada ya mwaka, umemuumiza mara mbili.

Kabla ya kuchukua, kifungue kitabu katikati na ukikunje kidogo. Kurasa zikichomoka, gundi ni mbovu na wateja watakirudisha. Tazama mgongo: kama jina halijaandikwa pale, kikiingia kwenye rafu kimezikwa. Tazama kama kina ISBN, ile namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Hapa nchini inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na mwandishi asiyejua mwelekeze. Tazama jalada kwa macho ya mtu asiyemjua mwandishi. Halafu kisome. Si lazima chote. Kurasa thelathini zitakwambia kama kimehaririwa. Kikiwa hakifai, mwambie faraghani na kwa heshima, umtajie ukurasa gani ulikwama na kwa nini. Waandishi kadhaa ambao niliwakatalia kitabu cha kwanza wamerudi na cha pili kilichopikwa vizuri, na hivyo ninavipigania.

Ukishakubali, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali kauli bila daftari hupotea pamoja na urafiki. Tarehe, jina la kitabu, idadi ya nakala, bei ya kuuzia, mgawo wa kila mmoja, siku ya kuhesabiana, saini mbili. Mgawo wa kawaida ni dukani asilimia 30 hadi 40, inayobaki kwake. Siku ya kuhesabiana iwe kila miezi mitatu, na wewe ndiye umpigie, asikupigie yeye. Hata kama imeuzwa nakala moja, mtumie fedha ya nakala moja na ujumbe wa kumwambia zimebaki saba. Hujui inavyomgusa mwandishi kujua kwamba mtu mmoja asiyemfahamu, katika mji huu, alitoa fedha mfukoni kwa ajili ya maneno yake.

Na fedha hiyo isichanganyike na yako. Fungua laini ya pili ya simu, kila nakala ya mali kauli inapouzwa, sehemu ya mwandishi ihamie huko jioni ile ile. Maduka ninayoyajua yaliyokufa, mengi hayakufa kwa kukosa wateja. Yalikufa kwa sababu mwenye duka alilipa kodi ya fremu kwa fedha za waandishi, akitumaini mwezi ujao utarekebisha, na mwezi ujao haukurekebisha. Waandishi huambiana. Wakishajua kwamba kwako fedha haitoki, wanaacha kuleta, halafu wachapishaji nao wanataka taslimu, na hapo rafu zinabaki na vitabu ambavyo kila mtu keshavisoma. Kinyume chake pia ni kweli: ukilipa kwa wakati miaka miwili mfululizo, utaletewa mzigo ambao mtaji wako usingeuweza kamwe. Katika biashara hii mtaji mkubwa kuliko fedha ni kuaminiwa na watu wanaoandika, na unajengwa kwa malipo madogo madogo yasiyochelewa.

Uzinduzi wa vitabu utaombwa uuandae. Utaratibu wetu unaujua: mgeni rasmi, viti vya plastiki, hotuba, nakala ya kwanza inanunuliwa kwa laki kadhaa kwa ajili ya kuchangia. Siupingi, unampa mwandishi fedha ya kulipia deni la kiwanda. Lakini wengi wanaonunua siku ile wanamnunulia ndugu yao heshima, na kitabu kinaenda kukaa kabatini. Sisitiza mwandishi asome kwa sauti angalau kurasa mbili, na mtu mwingine aliyekisoma aulize maswali. Baada ya wiki tatu mwalike tena, bila mgeni rasmi, akae na watu kumi waliokimaliza. Mazungumzo hayo ya pili ndiyo yanayokiuza mtaani. Soma Book Café ya Mikocheni, hapa Dar es Salaam, imeonyesha vizuri namna mahali pa vitabu panavyoweza kuwa pia mahali pa watu kuongea. Ukija mjini, pita uone.

Wahenga wamesema kizuri chajiuza. Kwa vitabu, wasamehe. Mteja wa unga akikosa wa kampuni hii anachukua wa ile, na jioni ugali unaiva. Mteja wa riwaya akitoka bila kuonyeshwa kinachomfaa anarudi kwenye simu yake na humwoni tena. Kitabu kizuri kuliko vyote kinaweza kukaa kwenye rafu mpaka jalada lipauke kwa kukosa mtu mmoja wa kusema, "Dada, wewe ulipenda kile cha mwezi uliopita, jaribu hiki." Kwa hiyo weka daftari la pili, la wasomaji. Nani alinunua nini, alisemaje aliporudi. Muuguzi anayependa riwaya za kihistoria, fundi cherehani anayesoma tawasifu tupu, baba anayetafuta cha kumsomea binti yake anayeogopa giza. Kitabu kipya kikifika, unafungua daftari na unajua uwapigie watu gani sita. Nakala sita zimeuzwa kabla hazijapanda rafuni. Mimi nimeishi kwa daftari hilo kuliko kwa tangazo lolote.

Itakubidi usome sana, na utasoma ukiwa umechoka. Watu hudhani muuza vitabu hushinda kwenye kiti akigeuza kurasa. Mchana kutwa unabeba maboksi, unafuta vumbi, unabishana na kondakta kuhusu kifurushi kilicholowa, unajaza karatasi za kodi. Kusoma ni usiku. Soma vya waandishi wanaoleta dukani kwako na soma vya washindani wao.

Tuzo zifuatilie kwa karibu kuliko magazeti yanavyozifuatilia. Oktoba 7, 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotangazwa mshindi wa Nobeli ya Fasihi, Watanzania wengi walikuwa wanalisikia jina lake kwa mara ya kwanza, na vitabu vyake ghafla vikawa adimu hata kwenye nchi zenye viwanda vikubwa. Mwaka uliofuata *Peponi*, riwaya yake *Paradise* iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ikatolewa na Mkuki na Nyota, na hapo ndipo mtu wa kawaida alipoweza kumsoma kwa lugha ya nyumbani kwao. Funzo lake kwa muuzaji ni la wazi: mwandishi mwenye uzito awepo kwenye rafu yako, hata nakala moja, kabla dunia haijamgundua. Kwa Kiswahili tuna Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Jina la mshindi lina nguvu kwa wiki chache tu. Siku ya tangazo piga simu kwa mchapishaji, uliza kitabu kitatoka lini, weka oda, na bandika karatasi mlangoni.

Vitabu bandia utaletewa, hasa vya fasihi ya shule. Vina chapa iliyofifia, kurasa zilizokaa upande, na bei ya kutamanisha. Msambazaji mmoja aliwahi kuniletea boksi zima akiapa ni halali. Kataa, hata jirani yako akiwa anaviuza waziwazi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, lakini hata isingekuwapo, huwezi kumwita mwandishi mezani kwako alasiri na asubuhi umeuza nakala iliyoibwa kwake. Vivyo hivyo faili za vitabu zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp: kundi la duka lako lisiziruhusu hata siku moja. Kundi hilo litumie kwa jambo bora zaidi. Soma kipande cha dakika moja kwa sauti yako, cha kitabu kilichofika leo, uweke. Wewe ni mwalimu, sauti unayo.

La mwisho, kazi. Usiache mwaka wa kwanza. Mshahara wako ndio utakaokuzuia usiiguse fedha ya waandishi mwezi mbaya ukija, na utakuja. Tafuta kijana anayependa kusoma, mlipe vizuri kadiri uwezavyo, afungue saa nne. Wewe shika duka kuanzia saa kumi jioni na Jumamosi nzima, ambazo hata hivyo ndizo saa za wateja wa fasihi. Muulize mkuu wako wa shule mapema ili lisije kuwa neno baadaye, na usiwauzie wanafunzi wako mwenyewe kwa kuwalazimisha. Baada ya mwaka, tazama kitu kimoja: je, duka limelipa kodi, msaidizi na waandishi wote bila kuigusa ile milioni mbili na nusu? Likiwa limefanya hivyo, hapo ndipo uanze kufikiria kuaga.

Na usifungue Januari. Mwezi huo kila mzazi ana karo, sare na madaftari kichwani. Chukua fremu Mei, pata nafasi ya kupanga rafu bila haraka, ufungue Juni, shule zikifunga na watoto wakiwa nyumbani wanatafuta cha kufanya.